Saa za bure za studio na vikundi vyetu vya muziki

Kikundi cha taarab chenye wapigaji na waimbaji 15 kikitaka kurekodi nyimbo sita hapa mjini Unguja, kikwazo cha kwanza kinachokutana nacho ni chumba, na suala la fedha huja baadaye. Studio nyingi zilizofunguliwa mitaani kwetu, kama zilivyo nyingi za Dar es Salaam, zimejengwa kwa ajili ya msanii mmoja. Prodyuza anatengeneza biti kwenye kompyuta, msanii anaingia katika kibanda kilichobandikwa sponji ukutani, anavaa hedifoni, anaingiza sauti yake juu ya ile biti, na kazi imekwisha. Huo ni utaratibu mzuri kwa muziki uliozaliwa nao, na bongo fleva imesimama juu yake. Lakini kibanda kile hakiwezi kuingia ganuni, fidla tatu, akordioni, udi, besi, dumbaki, rika (ile tari ndogo) na waitikiaji sita, wala mtindo wa kumwita kila mtu peke yake kwa siku yake hauwafai watu waliozoea kupiga huku wakitazamana.

Kwa sababu hiyo, wazo la kuvipa vikundi saa za bure za studio kupitia wanafunzi wanaosomea ufundi wa sauti linastahili kupimwa kwa makini kuliko linavyopimwa sasa. Katika nchi ambazo fani hii imekuwa ikifundishwa vyuoni kwa muda mrefu, jambo lenyewe ni la kawaida. Mwanafunzi hawezi kujifunza kurekodi bendi kwa kusoma kitabu, kwa hiyo hutafuta bendi, bendi huja bila ya kulipa, yeye hupata zoezi la kumpelekea mwalimu wake na bendi huondoka na nyimbo. Mafunzo ya chuoni ya namna hii yalianza Detmold, Ujerumani, mwaka 1949, na Chuo Kikuu cha Surrey nchini Uingereza kikafuata mwaka 1970. Vyuo vyote viwili vilishikilia sharti moja ambalo sisi tunalisahau kwa urahisi, nalo ni kwamba anayesomea kurekodi muziki awe mwenyewe ni mwanamuziki, anayejua kusoma nota na kushika ala. Nitalirudia sharti hilo mbele, kwa sababu hapa kwetu lina uzito wake.

Ninaloliamini ni hili: neno "bure" katika mpango wa aina hii huficha ukweli kwamba pande zote mbili zinalipa. Kikundi kinalipa kwa nyimbo zake, kwa mazoezi yake, kwa nauli, na kwa saa nyingi za kumsubiri kijana ajifunze pa kuweka maikrofoni. Skuli inalipa kwa umeme, mashine na mwalimu. Pale ambapo malipo hayo hayakuandikwa popote, anayepoteza huwa ni kikundi, na kinachopotea kwanza ni rekodi yenyewe.

Nasema hivyo nikiwa mpiga fidla niliyewahi kukaa upande wa wanaorekodiwa. Miaka kadhaa nyuma kikundi chetu, kikundi cha mtaani cha watu 11 huko Ng'ambo, kilialikwa na wanafunzi wa skuli moja kurekodi bila ya malipo kwa siku mbili. Tulifurahi mno. Tulifanya mazoezi wiki tatu, kila usiku baada ya sala ya isha, tukakodi gari ya kubebea besi na ganuni, tukapiga nyimbo nne na bashraf moja, yaani kipande cha ala tupu bila ya mwimbaji. Wale wanafunzi walikuwa vijana wenye adabu na bidii, na hata leo sina la kuwalaumu. Walituahidi kwamba miksi, yaani sauti zote zikiwa zimekwisha kuchanganywa, ingekuwa tayari baada ya mitihani. Mitihani ikapita, tukaambiwa tuvute subira. Likizo ikapita, tukaambiwa kwamba kompyuta ya studio imesafishwa ili kuwapisha wanafunzi wa muhula mpya, na kwamba kila mmoja alitakiwa aondoe kazi zake kabla ya hapo. Kijana aliyepewa jukumu la kunakili alikuwa amekwisha kurudi kwao. Kilichobaki mikononi mwetu ni sauti niliyoichukua kwa simu yangu, niliyoiweka juu ya kiti wakati tunapasha mikono: dakika saba za bashraf, mtu akikohoa na mlango ukifungwa. Mpiga ganuni wetu, maalim aliyewafundisha wengi wetu kushika ala, alifariki mwaka uliofuata. Zile dakika saba ndizo ganuni yake yote tuliyonayo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hasara ile ingeepukika kwa kitu kidogo mno. Sauti inayorekodiwa kwa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha kompyuta, si ile ya prodyuza) na sampuli 48,000 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 8.6 kwa kila dakika ya kila maikrofoni. Kwa maikrofoni 12, hizo ni kama megabaiti 104 kwa dakika. Tukichukulia kwamba kila kipande ni cha dakika nane na kila kimoja kilipigwa mara tatu, vipande vyetu vitano vilikuwa dakika 120, ambazo ni gigabaiti 12 na ushei. Flashi ya gigabaiti 16, inayouzwa katika duka lolote la vifaa vya simu Darajani, ingezibeba zote na nafasi ikabaki. Hakuna aliyetuambia tuje nayo, na sisi hatukujua kwamba kilikuwapo kitu cha kudai kabla ya miksi.

Hapo pana jambo ambalo vikundi vingi havijalifahamu na ambalo fundi yeyote wa sauti analijua tangu wiki yake ya kwanza. Miksi ni chakula kilichokwisha kupikwa. Treki, yaani sauti ya kila maikrofoni ikiwa peke yake, ni viungo vilivyo bado kapuni. Aliyepewa miksi mbaya ataila hivyohivyo, kwani hawezi kuitoa chumvi iliyokwisha kuyeyuka. Aliyepewa treki zake anaweza kumpelekea fundi mwingine leo, au miaka kumi ijayo, akazichanganya upya, akampandisha mwimbaji, akaishusha rika, akaiondoa akordioni iliyokosea. Kwa hiyo hofu kwamba mwanafunzi ataharibu miksi, ambayo ndiyo hofu ya kwanza ya viongozi wa vikundi ninaozungumza nao, imekaa mahali pasipostahili. Mwanafunzi ana haki ya kuharibu miksi, maana ndivyo anavyojifunza. Asichokuwa na haki nacho ni kubaki na treki peke yake, na kikundi kisikubali kuondoka mlangoni bila ya nakala, hata kama usiku umeingia na gari inasubiri.

Zanzibar haianzi sifuri katika mambo ya kurekodi. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake, wakiwamo Subeit bin Ambar na Maalim Shaaban, walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zile ndizo zilizoifikisha taarab ya Kiswahili majumbani katika pwani yote hii. Baadaye, kwa miaka mingi, studio ya redio ya serikali ndiyo iliyokuwa chumba kikubwa cha vikundi. Mwaka 1988 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilikuja Unguja na mitambo yake kurekodi vikundi vikongwe, na wageni wengine wakafuata nyayo hizo. Ukiitazama historia hiyo kwa pamoja utaona kwamba aliyeshika mashine alikuwa na haja yake kila mara: kampuni ilitaka santuri za kuuza, redio ilitaka vipindi vya kujaza saa, wageni walitaka muziki wa kuwapelekea wasikilizaji wa kwao. Hakuna ubaya katika hayo, na tunawashukuru kwa kuwa bila yao tungekuwa mikono mitupu. Lakini haja zile ziliamua nani arekodiwe. Vikundi vyenye jina, kama Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, vilifikiwa. Kikundi cha kidumbaki kinachopiga harusini Jang'ombe au Makunduchi kilisubiri.

Mwanafunzi ni mrekodi wa aina nyingine. Haja yake ni kujifunza, na kwa ajili hiyo yeye peke yake katika orodha hiyo ndiye anayefaidika kwa kurudia, kukosea, kusogeza maikrofoni shibiri moja na kusikiliza tena. Prodyuza wa biashara anapoteza pesa kila anapofanya hivyo. Kikundi kisicho na jina hakimpunguzii mwanafunzi kitu. Pengine kinamfaa zaidi, kwa sababu hakuna rekodi ya awali ya kuiga.

Nitatoa mfano mmoja kutoka katika zile siku mbili zetu, kwa kuwa unaonyesha kile ambacho kila upande ulikuwa nacho. Kijana aliyekuwa akirekodi ganuni aliweka maikrofoni karibu kabisa na nyuzi, mbele ya mikono ya maalim, kama alivyofundishwa kuweka kwenye gitaa. Ganuni hupigwa kwa vipande vidogo vigumu vinavyobanwa kwa pete kwenye vidole vya shahada, na nyuzi zake, ambazo hufungwa tatutatu kwa kila sauti, hupita juu ya daraja lililosimama juu ya ngozi. Kijana akasikiliza, akaona sauti ni safi na kubwa, akaridhika. Maalim akaomba hedifoni. Alizivaa juu ya kofia, akapiga kidogo, akazivua. "Mwanangu," akasema, "hapa umevirekodi vidole vyangu, ganuni umeiacha." Akaigusa ile ngozi kwa kidole. "Sauti inatokea hapa, na mpaka ipande ndipo inapokuwa ganuni. Njoo ukae nilipokaa mimi." Yule kijana akakaa kwenye kiti cha maalim, maalim akasimama upande wa pili na kupiga akiwa ameinama, na kijana akawa anakipeleka kichwa huku na huku, akikiinua na kukishusha, mpaka akasita mahali pamoja, karibu nusu mita juu ya ngozi, na akaomba aletewe stendi hapohapo.

Hilo lilichukua dakika 25 hivi. Katika studio ya kulipia tungekuwa tumekwisha kuambiwa kwamba saa inakwenda. Na kijana yule, popote alipo, anajua kitu kuhusu ganuni ambacho hakimo katika vitabu vingi vya fani yake, kwa kuwa vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya gitaa, piano na ngoma za kizungu.

Tatizo la pili lilikuwa la ndani zaidi, na hapa ndipo ninapolirudia lile sharti la Detmold na Surrey. Programu nyingi za kurekebisha sauti ya mwimbaji huja zikiwa zimepangwa kwa sauti 12 za kinanda. Taarab yetu ya kizamani inapita katika maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, na katika maqamu kama rast na bayati zipo sauti zinazoangukia baina ya vibonyezo viwili vya kinanda, zile tunazoziita robo sauti. Mpiga ganuni huzipata kwa kuinua na kulaza vijiti vidogo vya chuma vilivyo pembeni ya nyuzi. Mpiga fidla na mpiga udi huzipata kwa vidole, kwa kuwa shingo za ala zao hazina vizuizi. Mwimbaji wetu aliziimba barabara, na mwanafunzi, kwa nia njema kabisa ya kumsaidia, aliipitisha sauti yake katika programu, nayo ikaivuta kila robo sauti hadi kwenye kibonyezo kilicho karibu. Tulipochezewa, mwimbaji aliuliza ni nani huyo anayeimba. Kijana hakuwa amekosea katika ufundi wa mashine, kwani mashine ilifanya ilivyoagizwa. Alikuwa hajui kwamba kilichoonekana kwenye kioo kama kosa ndicho kilichokuwa wimbo.

Mtu anayesomea sauti Zanzibar bila ya kuijua rast ni sawa na mpishi wa pilau asiyeijua bizari nyembamba. Wala hakuna sababu ya kutoijua, kwa kuwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kimekuwa kikifundisha taarab na ala zake katika Mji Mkongwe tangu mwaka 2002, na wazee wenye ujuzi bado wapo katika klabu. Kila skuli inayofundisha ufundi wa sauti hapa ingeweza kuwapeleka wanafunzi wake mazoezini klabuni jioni mbili tatu kabla ya siku ya kurekodi, wakakaa kimya, wakasikiliza, wakauliza nani anamfuata nani. Kwa kawaida wanafunzi huwaona wapigaji kwa mara ya kwanza siku ya kazi, na nusu ya siku hiyo huishia kwenye kufahamiana.

Jambo jingine ambalo mwanafunzi hujifunza kwa kikundi na hawezi kulijifunza kwa biti ni kuwapanga watu. Watu 11 wakipiga chumba kimoja, dumbaki huingia katika maikrofoni ya fidla, nayo huingia ikiwa imechelewa. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo dumbaki iliyo mita tatu mbali hufika pale fidla ilipo baada ya takriban sehemu tisa za elfu za sekunde, na zile sauti mbili zikichanganywa ovyo hupunguzana nguvu na dumbaki ikawa kama inapigwa ndani ya mtungi. Vitabu vinashauri kwamba maikrofoni moja iwe mbali na ya jirani yake mara tatu ya umbali uliopo kati yake na ala yake. Katika ukumbi mkubwa hilo linawezekana. Katika chumba cha Mji Mkongwe chenye kuta nene za mawe na dari ya boriti, ambacho urefu wake ni mkubwa na upana wake mdogo, sharti mtu afikiri: waitikiaji wakae wapi, dumbaki igeuzwe ielekee wapi, busati litandikwe wapi, na je, wapigaji wataendelea kuonana machoni? Nawashauri wanafunzi wasiwalazimishe wapigaji wa taarab kufuata klik, yaani mdundo wa mashine wa kushika mwendo, katika hedifoni. Mwendo wa taarab huvuta pumzi pamoja na mwimbaji, na kikundi kinachofuata klik hupoteza kile hasa kilichowafanya wanafunzi watake kukirekodi.

Kwa maoni yangu skuli inayoanza mpango kama huu ianze na kidumbaki kabla ya kugusa taarab kubwa. Kidumbaki kina watu wachache: fidla, sanduku, vidumbaki viwili vinavyopigwa na mtu mmoja, cherewa, mkwasa na waimbaji. Kila ala hapo inamfundisha mwanafunzi jambo lake. Sanduku peke yake ni somo la wiki nzima, kwa kuwa mlio wake mnene hutoka ndani na chini ya sanduku lenyewe, wakati jicho la mgeni linavutwa na kamba na fimbo, na akiiweka maikrofoni hapo atapata mkwaruzo wa kamba tu.

Mambo ya hali ya hewa na ratiba nayapita haraka, ingawa yana njia yake ya kuharibu siku. Kipoza hewa kina kelele na hakina budi kuzimwa wakati wa kurekodi. Watu 11 wakifungiwa chumbani wakati wa kaskazi, ganuni inaanza kushuka sauti baada ya nusu saa, hivyo muda wa kutega nyuzi upya uhesabiwe tangu mwanzo. Adhana husikika ndani ya kila chumba cha mjini, na ratiba iliyopangwa kwa kuzifuata nyakati za sala haimkwazi mtu yeyote. Mwezi wa Ramadhani muziki hulala, na wiki za Idi vikundi vina kazi. Betri ya akiba ya kompyuta ni ya lazima. Tunaokumbuka mwezi mzima wa giza wa mwaka 2008 na ile miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hatuhitaji kuambiwa mara mbili.

Nirudi kwenye karatasi, kwa sababu hapo ndipo panapohitaji ujasiri zaidi kuliko mashine. Wimbo ni kitu kimoja na rekodi ya wimbo ni kitu kingine, na kila kimoja kina mwenyewe. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, iliyo tofauti na ile ya Bara, na ina taasisi yake ya kuisimamia, COSOZA. Katika kikundi cha taarab suala hili lina tabaka zaidi kuliko katika bendi nyingi za kigeni, maana aliyetunga shairi mara nyingi si mwimbaji wala mpigaji, na siku ya kurekodi huenda yuko shamba hana habari; aliyetia muziki ni mtu wa pili; mwimbaji ni wa tatu; na klabu yenyewe huuona wimbo kuwa ni wake kwa desturi. Juu ya hao anaongezeka aliyetengeneza rekodi, ambaye katika mpango wa wanafunzi anaweza kuwa mwanafunzi, skuli, au kikundi, kulingana na walivyokubaliana. Wasipokubaliana, kila mmoja ataondoka akiamini kwamba ni yake, na siku hoteli au filamu ikiutaka ule wimbo ndipo watu waliokuwa marafiki watakapoanza kutafutana.

Karatasi ninayoifikiria ni ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na isomwe kwa sauti mbele ya kikundi kizima kabla ya nyaya kutandikwa. Iseme kwamba rekodi ni mali ya kikundi. Iseme kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kuitumia kwa mtihani na kuwaonyesha watu kazi yake, akitaja jina la kikundi, bila ya kuiuza. Iandike majina ya mtunzi wa shairi na mtunzi wa muziki kwa kila wimbo, pamoja na ya wapigaji wote, kwa sababu majina ndicho kitu cha pili kupotea baada ya treki. Itaje saa, na saa hizo zihesabiwe baada ya maikrofoni kusimama, kwani nimeona kikundi kikipewa saa nne ambazo mbili zake zilimalizikia kwenye kufunga na kujaribu. Imtaje mwalimu atakayekuwapo chumbani, kwa jina. Mwalimu aliyeahidi kupita baadaye hatoshi. Kijana anayekutana na tatizo mbele ya watu wazima 11 wanaomtazama huona haya kusema kwamba hajui, naye hubonyeza chochote. Mwalimu akiwapo haya hiyo huondoka, na yeye hujifunza kitu badala ya kukificha.

Kikundi nacho kina lake la kutoa. Rahisi ghali, na watu wetu wakisikia kwamba kitu hakilipiwi huja wamechelewa saa moja, wakiwa na nyimbo tisa nusunusu badala ya nne zilizoiva, na kila mmoja akitoa amri yake kwa fundi. Kikundi kinachotaka kuheshimiwa kije na nyimbo chache zilizokaa vizuri, kimteue mtu mmoja wa kuzungumza na wanafunzi, na kikubali kupiga kipande kilekile mara ya nne bila ya kunung'unika pale kijana anapoomba kujaribu kitu. Hayo ndiyo malipo, na kwa mwanafunzi yana thamani kubwa kuliko noti.

Wako wenye studio za biashara wanaosema kwamba mpango huu utawakatia riziki. Nimewasikiliza na ninauheshimu wasiwasi wao, kwa kuwa wengi wamenunua mashine kwa kudunduliza na kwa mikopo. Lakini vikundi ninavyovizungumzia haviendi kwao sasa, kwa kuwa vibanda vyao haviwaingizi. Kikundi kinachopata rekodi ya kwanza iliyo safi hupata pia kitu cha kutuma kinapoomba nafasi katika tamasha kama Sauti za Busara, linalofanyika mjini tangu mwaka 2004, au kazi za hoteli za pwani. Na kikundi kinachopata kazi ndicho kitakachokuja kutafuta fundi wa kulipa kwa rekodi ya pili. Mwenye studio angefanya vyema kuwachukua wanafunzi waliokwisha kurekodi vikundi vitano vya namna hii, maana hao watakuwa wanajua jambo ambalo yeye mwenyewe hajawahi kupata nafasi ya kulijifunza. Sharti moja la haki kwake ni kwamba saa za bure zisitolewe kwa msanii mmoja mwenye biti yake, ambaye anahudumiwa vizuri mtaani.

Limebaki suala la Pemba, ambalo kila mpango unaobuniwa Unguja hulitia mwishoni, nami nimefanya vivyo hivyo, ingawa kwa maoni yangu huko ndiko kwenye haja kubwa zaidi. Kuwaleta watu 15 kwa meli kutoka Wete, kuwalaza na kuwalisha mjini ili wapate saa nne za bure, ni kuwatoza kwa mlango wa nyuma. Tena sehemu kubwa ya muziki wa Pemba haikai chumbani. Msewe una njuga zinazofungwa miguuni, na mpigo wake ni hatua za wachezaji kwenye ardhi. Kibati ni majibizano ya haraka juu ya ngoma, na wanaojibizana wanahitaji watu wa kuwacheka na kuwashangilia. Huko studio haina budi kuwafuata wenye muziki. Kompyuta ya mkononi, kadi ya sauti yenye chaneli nane, maikrofoni nane, stendi na nyaya vinaingia katika mabegi mawili, na darasa la skuli lililofunguliwa madirisha siku ya mapumziko, au kiwanja chenye kivuli cha mwembe, vinatosha kwa mwanafunzi aliyefundishwa kusikiliza kabla ya kubonyeza. Ningependa safari ya kwanza iwe ya siku tatu, wanafunzi wanne na mwalimu wao: siku moja ya kukaa na wazee wa ngoma na kuandika majina, siku moja ya kurekodi, na siku moja ya kuwasikilizisha na kurudia palipokosewa. Wachukue na flashi mbili. Moja ibaki Pemba mkononi mwa kiongozi wa kikundi, akiwa amekwisha kuifungua kwenye kompyuta na kuisikiliza mwenyewe, kabla ya meli kung'oa nanga Mkoani.